Uzito wa Heri

Heri wa kijiji cha Wamaza alimcha Mungu, lakini jela aliiogopa zaidi. Mwaka uliotangulia polisi walimfunga katika jela ya mji wa Kasongo kwa sababu hakupanda pamba ya serikali, na aliporudi alimkuta mkewe Régina, mgonjwa wa kifua, midomo imemkauka mkekani, mtungi wa maji umejaa pembeni asiweze kuufikia. Mtoto hawakuwa naye. Heri akaapa kwamba hawatamburuta tena kutoka kwake.

Aliyemfundisha namna ya kutoburutwa ni mzungu msimamizi wa pamba mwenyewe! Huyo alijifunza kwao mieleka ya Kijapani, wanaiita judo, na Wamaza hakupata wa kucheza naye. Akamchukua Heri, akawa anambwaga kila Jumapili juu ya magunia ghalani. Heri alivyozidi kukakamaa, ndivyo alivyozidi kubwagwa.

"Wacha kushindana," mzungu alimwambia. "Ngufu iko mu tumbo, hapana mu mikono. Legeza mabega. Shusha pumzi. Uzito wote ushuke mu udongo."

Watu walimcheka: mtu mzima kujifunza kuanguka! Wacheke tu. Mfa maji haachi kutapatapa. Alijizoeza kisimani, alijizoeza hata akimnywesha Régina uji, mpaka siku moja mzungu alimvuta, akamvuta tena, na Heri hakung'oka.

Pamba mwaka ule haikupandwa tena. Atalimaje mtu anayeuguza? Polisi wakaja, mkubwa wao Kasimu, aliyekua pamoja na Heri. Walimkuta uani, kando ya mkeka ambapo Régina alikuwa akiota jua.

"Heri, ndugu yangu, twende tu."

"Siendi, Kasimu. Nani atamupa Régina maji?"

Wakamvuta. Heri alilegeza mabega, akashusha pumzi. Walisukuma, wakanyanyua, jasho likawatoka. Majirani wakaangua kicheko, na Heri mwenyewe, maskini, akatabasamu. Alifurahi kweli.

Kasimu akajifuta uso. Akainama, akambeba Régina bila hata kuguna.

"Huyu iko mwepesi," alisema. "Tutaenda naye."

Pumzi ya Heri ikapanda kooni, mabega yakakakamaa. "Muache! Munikamate mimi!" Sasa hata kuku angemwangusha. Wakamfunga kamba, Régina wakamrudisha mkekani.

Alishika njia ya Kasongo akigeuka nyuma kila mara, akimlilia jirani yake: "Pascaline! Mutungi uko mbali naye! Musogezee mutungi!"