Hati Ambazo Nakala Haikuziona

Mwaka wangu wa kwanza kazini Bagamoyo nilimshuku mama mmoja mtu mzima, na hadi leo nikimkumbuka naona haya.

Tulikuwa tukipiga picha hati za zamani za familia za mjini: mikataba ya nyumba, barua, wosia. Picha zilikaa kwenye seva sita zilizounganishwa zikawa kama ghala moja, na mimi ndiye niliyelitunza. Kila jioni programu ililipitia ghala na kunakili kwenye diski ya akiba faili mpya au zilizobadilika tangu jana yake tu, maana kunakili zote kungechukua siku nyingi. Asubuhi nilisoma taarifa yake, iliyotaja jina la kila aliyeongeza faili, nikinywa chai.

Mama huyo alitoka ukoo wa mabaharia wa mji mkongwe, na ndiye aliyeaminiwa kuazima hati majumbani. Umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi, jina lake likapotea kwenye taarifa. Siku ya kwanza sikujali. Ya nne nikaanza kumtazama. Alifika saa mbili, akawasha skana, akavaa miwani, nami nikaamini anaigiza. Nilihesabu mara alizotoka kupokea simu. Nilimuuliza mlinzi wa getini anaondoka na begi gani. Nikawaza pengine mikataba ile anawapelekea watafuta viwanja.

Wiki ya pili nikamwendea. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza amefanya nini siku zote zile. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha wosia alioupiga picha Jumatano: kurasa kumi na moja, safi kabisa. Faili zilikuwemo ghalani. Ila tarehe ya kuhifadhiwa ilisomeka Jumatatu.

"Jumatatu nilikuwa Msata, kwenye msiba wa shemeji yangu," akasema. "Wewe mwenyewe ulinipa pole."

Nikakagua seva moja moja. Kazi zake peke yake zilipitia seva ya tatu, ambayo betri yake ndogo ya saa ilikuwa imechoka. Umeme ulipokatika saa ilisimama, na uliporudi ikaendelea pale ilipoishia, siku mbili nyuma. Programu iliuliza tarehe tu. Ilipoona ya zamani, ikadhani faili imeshanakiliwa, ikaipita.

Nilibadilisha betri, nikazifanya saa zote sita zifuate chanzo kimoja. Kisha nikaacha kutegemea tarehe peke yake: orodha ya ghala zima ililinganishwa na ya jana, na faili yoyote iliyotofautiana ikanakiliwa. Ukaguzi huo ulikuwa mzito, watu wakifika kazini bado unaendelea, mpaka nilipougawa kwa seva zote, kila moja na fungu lake.

Kumwomba radhi kulikuwa kugumu zaidi. Nilimweleza yote, hata habari ya begi.

"Mwanangu, ungeniuliza siku ya kwanza."

Kisha akataka kujua kama kazi zake sasa zimo kwenye nakala. Nikamwambia zimo.

"Nionyeshe."

Nikautoa wosia kwenye nakala. Aliusoma ukurasa kwa ukurasa, akilinganisha na ule wa kwake. Tangu hapo kila Alhamisi alichagua hati moja bila kunionya, nami nikaitafuta mbele yake. Ikifunguka sawasawa, alirudisha miwani kwenye kasha na kwenda mezani kwake.