Kikombe cha Binamu Yangu

Hapana, usiniambie eti alizaliwa mwizi. Hiyo umeskia kwa jirani, na jirani hakulala na sisi kwa nyumba ya kokoo, nyanya yetu. Mimi nililala hapo na yeye, mtoto wa mjomba, blanketi moja, magoti yake kwa mgongo yangu. Naongea kitu najua.

Wakati huo Kitengela hakukuwa na hizi maploti na mageti. Tunachunga mbuzi mpaka jioni, tunarudi miguu ni vumbi tupu, kokoo anatoa maziwa kwa kibuyu. Ilikuwa inanukia moshi wa ule mti alikuwa anasafishia kibuyu. Mpaka leo nikiskia huo moshi, nageuka kutafuta kibuyu. Lakini hakuwa anapea mtu mmoja. "Mwanaume hakunywangi peke yake," anasema. "Ngoja rika yako." Nikichelewa na mbuzi, binamu anangoja, tumbo inalia, kikombe hagusi. Shangazi anamchokoza, "Si ukunywe tu!" Anajibu, "Na nani? Na wewe?"

Halafu mjomba akauza shamba, mbuzi zikaenda, na mjomba mwenyewe akahamia Rongai kwa bibi mwingine. Mimi nikapelekwa bodingi. Binamu akamfuata babake, akafukuzwa mlangoni. Vijana wa Kware, mtaa wa hapo Rongai, ndio walimpokea. Likizo akaniambia, "Buda, hawa chapati moja wanakata watu wanne. Ni kama kwa kokoo."

Siku moja wakaenda kukata waya ya fensi ya mtu, wauze kwa wale wananunua vyuma. Mwenyewe akatokea na mbwa. Wote wakatoroka, isipokuwa mmoja, mguu ilinaswa kwa waya. Binamu alikuwa ashafika barabarani. Akarudi. Mwenyewe alimkuta amepiga magoti, anamfungua mwenzake, ndio akashikwa.

Kortini mjomba alisimama akasema, "Huyu amenishinda." Amekushinda lini, na hukuwahi kumlea?

Kokoo alimngoja. Nikimtembelea anamimina vikombe viwili, yangu na ya binamu, maziwa inaganda hapo. Hakuna mwenye alikunywa. Kokoo akafa, tukamzika, binamu akiwa bado ndani, kwa ile jela ya watoto, na yuko huko mpaka saa hii. Kibuyu nimetafuta, sijaipata. Pale tulikuwa tunachungia mbuzi kumejaa fensi.

Sasa wewe mwenye unamwita mwizi: mwenzako akinaswa kwa waya na mbwa zinakuja, ungerudi?