Mvua Isiyopiga Mabati

Safari hii ilitokana na nguo zisizokauka. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Nairobi, inayosoma picha za setilaiti na kukadiria mvua iliyonyesha milimani, ili watu wa miteremkoni waonywe udongo ukianza kulegea. Kwa majuma kadhaa ramani yangu ilionyesha mgongo mmoja wa kilima, juu kabisa kule Murang'a, ukiwa mkavu. Sasa, Tata Nyambura, mdogo wake marehemu mama yangu, anaishi kwenye mgongo huo huo, na kila aliponipigia simu alilalamika kwamba nguo zake zinaota ukungu kwenye kamba. Nilipomuuliza kama kumenyesha, alisema hapana. Nikamweleza mkubwa wangu kwamba hapo kuna jambo. Alinipa vipima mvua viwili, pikapu ya ofisi na dereva, akaniambia niende nikaone kwa macho.

Jumanne asubuhi, Buruburu, mtaani kwangu. Dereva, Kilonzo, alinikuta getini nikiwa na sweta moja mkononi. Yeye ni mzaliwa wa mtaa wa Umoja, na hajawahi kuniita Wanjiru hata siku moja.

"Niaje Shiro. Hiyo sweta ni ya Nairobi. Rudi ulete blanketi," akasema.

Nilirudi ndani, na sikujuta.

Kufika Thika jua lilikuwa limeshawaka, mlima Kilimambogo umeketi upande wa kulia bila hata wingu moja kichwani. Tulinunua nanasi kando ya barabara, tukalila tumeegemea pikapu, na Kilonzo akataka kujua hiyo setilaiti inaionaje mvua kutoka kule juu. Nilimwambia haioni matone. Aina tunayoitegemea zaidi huangalia kilele cha wingu na kupima ubaridi wake. Wingu refu lina kilele baridi sana, na mara nyingi ndilo lenye mvua, kwa hiyo nasi tunakadiria.

"Kwa hivyo ni kama kuangalia paa la nyumba ya wenyewe, alafu unasema wanapika nini," akasema Kilonzo.

Nilikubali, nikaongeza kwamba mara nyingi tunapatia, maana moshi haufichiki. Alicheka, akafuta mikono yenye nanasi kwenye suruali, tukaendelea.

Baada ya Kangema barabara ilianza kujikunja. Migomba ikabaki nyuma, majani chai yakachukua kila mteremko, na jua tulilotoka nalo Thika likazimika taratibu. Hatukuona mvua ikianza. Kioo cha mbele kililowa tu, Kilonzo akakipangusa, kikalowa tena, mwishowe akayaacha mawaipa yafanye kazi yao. Wachumaji chai walikuwa katikati ya mistari na maplastiki yao kiunoni, wakiongea na kuchuma kana kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Alasiri tulifika kwa Tata. Alitoka kutupokea na gambuti miguuni na gunia mabegani, akanishika mikono yote miwili, akamuuliza Kilonzo kwao ni wapi, na aliposikia ni Ukambani akamwambia kwamba huku maji hayatampiga chenga. Nyumba yake ya mawe imekaa kwenye kijibonde cha mteremko. Nyuma yake lilikuwa jiko la mbao alilojengewa na marehemu mumewe, na nyuma ya jiko shamba la nepia, majani ya kulishia ng'ombe, likipanda juu. Nilimwambia nimekuja kupima mvua. Alinitazama kwa huruma.

"Hii si mvua, Wanjiru. Ni manyunyu. Mvua isiyopiga mabati si mvua."

Kabla ya giza tulisimamisha kipima mvua kimoja mahali pa wazi mbali na miti, na kingine juu zaidi, karibu na kibanda cha kuuzia majani chai.

Jumatano asubuhi nilitoka na kikombe cha chai mkononi nikakuta kipima cha kwanza kimejaa kupita nusu. Cha juu kilikuwa kimefurika. Nikafungua ramani kwenye simu, nayo ikanionyesha mgongo wetu kwa rangi ya kahawia, yaani kavu. Hapo nilielewa. Upepo wenye unyevu ulikuwa ukiusukuma ukungu kupanda mteremko, na wingu lililotokea lilikuwa fupi, limelala juu ya chai kama blanketi. Kilele chake hakikuwa na baridi ya kuishtua setilaiti, lakini chini yake maji yalikuwa hayakatiki. Nami kwa majuma hayo yote nilikuwa nimeandika sufuri.

Nakiri kwamba nilifurahi kidogo, kama mtu aliyegundua tundu anamopitia panya. Furaha ile iliisha Kilonzo aliporudi kutoka kumkatia ng'ombe wa Tata nepia. Aliniita pembeni, akanipeleka shambani nyuma ya jiko, akanionyesha ufa uliokata shamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alitumbukiza mguu, ukazama hadi kwenye shavu la mguu.

Nilimpigia mkubwa wangu. Aliuliza atatoaje onyo na ramani inasema kukavu, nikamwambia ramani ni yangu na ndiyo iliyokosea. Nilimtumia picha za vipima na za ufa. Hakubishana tena. Kufikia jioni chifu alikuwa anapita nyumba hadi nyumba, na majirani wawili wa chini wakaanza kufunga mizigo.

Tata hakufunga chochote. Alisema ng'ombe wake anakaribia kuzaa na hataki asumbuliwe, na kwamba mlima huo ulikuwepo kabla sijazaliwa. Alhamisi asubuhi nilimpa kipima, nikamwomba ayamwage maji mwenyewe kwenye sufuria. Aliyamwaga, akayatazama kwa muda.

"Ni ya usiku mmoja?"

"Usiku mmoja."

"Na mimi nililala nisisikie kitu." Aliiweka sufuria chini. "Lakini hata wewe umesema chombo chako cha angani hakikuona."

"Hakikuona, Tata. Mimi pia naweza kuwa nimekosea. Kama tunakosea, basi tukosee tukiwa kwa Mama Njeri."

Mama Njeri ni rafiki yake wa kanisani, nyumba yake iko kwenye tambarare kule juu, ng'ambo ya barabara. Tata akaenda kumfungua ng'ombe. Siku nzima tulihamisha kuku, magodoro, picha za harusi na kabati lililomfanya Kilonzo aape hatabeba fanicha tena maishani.

Ijumaa mchana tulikuwa tunakula mukimo kwa Mama Njeri tuliposikia sauti kama lori linamwaga kokoto. Tulitoka nje. Kule chini kwa Tata, shamba la nepia lilikuwa linateremka polepole, mparachichi mmoja ukiwa bado wima ndani yake, likalisukuma jiko hadi likajikunja, kisha likafunika ukuta wa nyuma wa nyumba hadi kwenye madirisha. Likatulia. Hakukuwa na mtu mle, wala chini yake.

"Watoto wangu wote nimewapikia mle," akasema Tata kwa sauti ya chini. Alinishika mkono hapo kwenye kiwiko, na hatukurudi mezani kwa muda mrefu.

Jumamosi tulirudi Nairobi, Tata akiwa kiti cha mbele akimfundisha Kilonzo kuendesha gari. Ng'ombe alibaki kwa Mama Njeri, na vipima pia, kwa sababu yeye ameahidi kunisomea kila asubuhi. Safari hii imenifunza kwamba setilaiti itanionyesha nchi nzima nikiwa nimeketi, lakini mlimani inahitaji chombo ardhini, na mtu wa kukitazama. Siku hizi siandiki sufuri ya mlimani kabla sijampigia mtu anayeishi huko.

Jumapili baada ya kanisa majirani wa Buruburu walijaa sebuleni kwangu kumpa Tata pole. Aliwasimulia vizuri sana: jinsi alivyoyapima maji kwa mkono wake, akauona mlima si wa kuaminiwa, akaamua kuhama, na jinsi mtoto wa dada yake, aliyesoma mambo ya mvua, alivyokubaliana naye. Wote walinigeukia. Nikasema ndivyo ilivyokuwa, nikaenda kuongeza chai.