Wimbi wa Kidato cha Pili

Nilipewa biolojia kwa sababu nilichelewa kufika kwenye kikao. Nilikuja kwa miguu kutoka barabara kuu ya Kapsoit, mvua ikaninyeshea njia nzima, na nilipoingia ofisini nikichuruzika maji walimu wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana masomo. Yalibaki mawili tu, biolojia na kwaya. Sauti yangu hata mama yangu mzazi haikumpendeza, kwa hiyo nikachukua biolojia.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, katika shule ya sekondari ya harambee. Wazazi waliijenga kidogo kidogo, darasa hili mwaka huu, lile mwaka ujao, kadiri majani chai yalivyowaendea vizuri. Maabara ilikuwa ingali kwenye hotuba. Kila mgeni rasmi alituahidi maabara, akapigiwa makofi, akapewa kuku, akaondoka na kuku wake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, msichana mwembamba kutoka upande wa Kakamega, na chuo cha ualimu sikuwa nimekiona hata lango. Kiranja wa kidato cha pili alikuwa na ndevu. Mzazi mmoja aliyemleta binti yake aliniuliza kwa huruma kama na mimi bado natafuta nafasi.

Somo la kuota kwa mbegu nililianza kwa kuchora haragwe ubaoni, nikinakili kutoka kitabu pekee tulichokuwa nacho. Nilipogeuka, kiranja alikuwa ameinua mkono.

"Madam, huyu ni mnyama gani?"

Darasa lilicheka mpaka mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati na kufunika kicheko chao. Mvua hiyo ilikuja karibu kila alasiri, na ikija huwezi kufundisha kitu, mnakaa tu mkitazamana. Nikaketi nikaamua kwamba sitachora tena. Watoto hawa wataona mbegu ikiota kwa macho yao wenyewe.

Tukapanda maharagwe kwenye makopo, tukayapanga dirishani. Wanafunzi waliyapenda mno, na hapo ndipo yalipoharibikia. Kila aliyeingia darasani aliyamwagilia maji, na kila aliyetoka akamwagilia pia. Wasichana waliotoka kuchuma chai asubuhi walikuwa wakiyapitia kabla hata ya kuvua makoti ya mvua. Ukiongeza na baridi ya kule, maharagwe yalivimba, yakaoza, na darasa likanuka kiasi cha mwalimu wa hesabu kuhamia chini ya mti.

Ndipo nikakumbuka wimbi, ule ulezi wa uji. Nyumbani kwetu mama alikuwa akiuloweka, anautandaza juu ya gunia, anaufunika kwa majani ya mgomba, na ukilala usiku mmoja au miwili unaukuta umeota vijizizi vyeupe kama nywele za mzee. Alichokuwa akiufanyia baadaye sikuona haja ya kukitaja mbele ya darasa. Niliwaambia tu kwamba ipo mbegu yenye haraka. Msichana mmoja akaleta wimbi kutoka kwao, karibu nusu debe, maana sikuwa nimemwambia kiasi. Tukautandaza stoo, kwenye ukuta uliopakana na jiko, mahali penye joto.

Wimbi ukaota vizuri ajabu. Siku ya tatu nilipofunua yale majani nilipiga kelele ya furaha. Wanafunzi walipiga magoti kuzunguka gunia wakachora, wakapima mizizi kwa rula, wakabishana ipi imeitangulia ipi. Kiranja alikuwa amelala kifudifudi, ndevu zake zikigusa gunia. Sikuwa nimewahi kujiona mwalimu namna ile.

Tatizo lilikuwa harufu. Mpishi alichungulia stoo, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Madam," akasema, "nani anaoa?"

Kesho yake mama mmoja nisiyemfahamu alikuja na debe tupu kichwani, akanisalimu, "Chamge," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini itakuwa tayari lini. Nilimwambia kwamba ni masomo. Akanikonyeza, akasema anaelewa kabisa, naye hatamwambia mtu.

Lakini alimwambia mtu. Nilikuwa darasani, gunia tumelileta mbele ili kila mtu aone, mlango ukafunguliwa akaingia mwalimu mkuu, nyuma yake mwenyekiti wa kamati ya shule, na nyuma ya mwenyekiti askari wa chifu na rungu lake. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata soda aliinusa kwanza kabla ya kunywa. Gambuti zake ziliacha matope mpaka mbele ya gunia.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni kuota kwa mbegu, Mzee."

"Hata mimi naona imeota. Mimi nauliza, hii ni nini?"

"Ni biolojia."

Akamgeukia mwalimu mkuu. "Hii piolojia mnapika saa ngapi?"

Mwalimu mkuu alitazama dari. Askari akasema atalichukua gunia kama ushahidi, na mimi pia, kwa kuwa ushahidi hauendi peke yake. Nikafungua kitabu nikawaonyesha picha, lakini picha ilikuwa ya haragwe, na mwenyekiti akasema kwamba huyo wa kitabuni hana makosa.

"Waulize wanafunzi, Mzee," nikasema.

Mwenyekiti akamwonyesha kiranja kidole. "Wewe mwenye ndevu. Umefundishwa nini hapa?"

Kiranja akasimama wima. Alieleza kwamba mbegu hunyonya maji ikavimba, ganda likapasuka, mzizi wa kwanza ukatoka, kisha wanga uliomo ndani ukageuka kuwa sukari ili mmea mchanga upate chakula. Aliyasema yote bila kukwama. Nilitaka kulia kwa fahari. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, uso wake ukaanza kulainika.

"Vizuri. Na baada ya sukari?"

Hapo angesema majani. Tulikuwa tumeyasoma majani. Lakini kiranja alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa.

"Baada ya sukari unaanika, Mzee. Halafu unasaga, unachanganya na unga wa mahindi uliokaangwa."

"Uwe umekaa kwanza!" akadakia msichana wa nyuma. "Huwezi kukaanga unga ambao haujachacha!"

"Kwetu hatukaangi sana," mwingine akasema.

"Ndiyo maana ya kwenu inaumiza kichwa."

Msichana mmoja ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka sokoni akasimama kusema kwamba kwao wimbi hautumiki kabisa, hutumia asali, na ni safi zaidi. Wakamzomea. Nilipiga meza kwa rula, hakuna aliyenisikia. Kidato cha pili kizima, wasiowahi kujibu swali langu mpaka niwaombe, sasa walikuwa wamesimama wakitoa hoja. Mvulana mmoja akapaza sauti kuliko wote, akasema siri iko kwenye jua, kimea kianikwe juani siku nyingi mpaka kikauke kabisa.

"Hapana, hapana," akasema askari. "Ukianika sana nguvu inapotea. Weka pahali pa upepo, ugeuze asubuhi na jioni."

Mwenyekiti akageuka polepole, akamtazama askari. Mwalimu mkuu akageuka. Mimi pia. Askari akalitazama rungu lake kama vile ndilo lililosema.

"Nimesikia watu wakisema," akaeleza.

Hakuna aliyezungumzia tena kunipeleka kwa chifu. Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa, kisha akatoa hukumu: wimbi ule upandwe sasa hivi, mbele ya macho yake, usipate nafasi ya kuwa kitu kingine. Tukatoka sote na majembe nyuma ya madarasa, mvua ikaanza, askari akiwa wa kwanza kulima na akilima kuliko wote.

Wengi tulidhani utakufa. Ukatoka kama zulia. Muhula ule na uliofuata tulisomea pale majani, mashina na magugu, na ndege walipokuja tukawasoma na wao. Tulipovuna, mwenyekiti alikaa jikoni kutoka kusaga mpaka kuiva, akihakikisha kwamba unga unakuwa uji siku ileile. Alikunywa vikombe viwili, akauliza kama kuna kingine.

Akiwa amefurahi hivyo, aliniuliza muhula ujao tutasoma nini. Nikamwambia ni uzazi. Akaweka kikombe chini, kisha akaniuliza kwa upole kama nafasi ya mwalimu wa kwaya ilishapata mtu.