Saa ya Baba na Mtu wa Kinyago

Mimi ndiye niliyeitupa saa ya baba chooni. Nimekana miaka yote hii, na shahada zangu mbili hazikunipa ujasiri wa kukiri.

Juzi nilimwona mtoto akisoma kitabu cha picha, kidole kikitoka kushoto kwenda kulia, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mjini Kasongo. Nyumba ilinuka mawese. Baba, mpishi wa Mbelgiji, alikuwa amepewa na bwana wake saa ya mkono na kitabu cha shujaa wa kinyago mwenye uwezo wa kusafiri katika wakati. Kaka yangu Rajabu na mimi hatukujua Kifaransa. Tulikisoma kama tulivyosoma madrasani: kutoka kulia, tukianzia jalada la nyuma.

Leo najua shujaa aliikuta nyumba ikiungua, akazungusha saa yake, akarudi jana kumwokoa mtoto. Sisi tuliona mtoto akicheza, mtu wa kinyago akaja, akazungusha saa, na nyumba ikawaka mtoto akiwa ndani.

"Saa yake iko sawa na ya baba," Rajabu alinong'ona.

Mdogo wetu alikuwa amelala mkekani. Baba aliingia, akaanza kuzungusha kitufe cha saa yake, krr, krr. Alipoivua akaenda kuoga, niliichukua nikakimbia nayo chooni.

Saa ilipokosekana, Rajabu ndiye aliyechapwa. Jana nilimpigia simu kuungama.

"Nilikuona, dada," akasema.

"Na haukusema?"

"Niseme namna gani? Baba angeiopoa. Fimbo inapoa, lakini ile saa ingetuchoma wote."