Siku za Jirani Si Siku Zako

Siku ile naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku mume wangu Selemani aliponiambia, "Mie si dume la mbegu, Zuhura," akatoka kwenda kukaa kwa kaka yake Tabata.

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa pale Chang'ombe, mtoto hatuna. Mawifi walishaanza kunitazama tumbo kabla ya uso. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, akaninong'oneza siri yake: siku ya kumi na nne tangu hedhi ianze. Nikaishika kama amri. Siku hiyo moja nilimng'ang'ania Selemani hata akiwa na homa; siku nyingine zote nikamnyima, eti namtunzia nguvu. Ujinga gani ule!

Nikaenda kulia kwa shangazi yangu, Bi Mwajuma, mkunga mstaafu. Hakunibembeleza.

"Hedhi yako hurudi baada ya siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Na ya jirani yako?"

Sikujua.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, wewe! Yai hushuka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata. Lako ni kwenye siku ya ishirini na moja. Unamchosha mume wiki nzima mapema, yai likija unamfukuza."

Siku hiyohiyo nikashika njia ya Tabata, nikamwomba Selemani radhi, nikamweleza hesabu ya shangazi. Akasema, "Hiyo hesabu, nifundishe na mie."

Tukarudi nyumbani, tukawa tunaandika siku zangu pamoja. Mwezi wa kwanza patupu, wa pili patupu. Sikukubali kuvunjika moyo. Wa sita, hedhi haikurudi. Ndiye Rukia huyu mnayemwita dada.

Basi, mwanangu, andika siku zako mwenyewe, miezi kadhaa, usitegemee za shoga yako. Ukiona ute wa ukeni unavutika kama ute wa yai la kuku, jua wakati umewadia. Kutaneni siku hizo, hata kila baada ya siku moja, kwa mapenzi, si kwa kuviziana. Mwaka ukipita kimya nendeni hospitali, na kama umri umesogea msingoje mwaka. Nendeni wote wawili, maana mwanamke hajipi mimba.

Mola akujaalie kizazi chema, na kabla hajakujaalia, akudumishie mwenzio ubavuni.