Tetemeko na Daraja Lililozama

Umma unatangaziwa, kwa taadhima yote inayowezekana, kwamba mtu pekee mjini anayeweza kulifanya gitaa lilie, licheke na kuomba radhi kwa pamoja, yaani Tetemeko, mpiga solo wa bendi ya sherehe, alishindwa kubadilisha nyuzi. Wenye mioyo dhaifu wakae.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya mkono. Gitaa lake lina kijimkono cha chuma kando ya daraja, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi, na daraja lenyewe halikupigiliwa popote; linaelea. Huku linavutwa na nyuzi, huku linavutwa na springi zilizofichwa mgongoni, na nguvu hizo zikilingana linatulia kama afisa anayesubiri saluti. Ukiutikisa mkono, sauti inayumba. Tetemeko aliutikisa katika kila wimbo, hata ule wa kukata keki. Mashabiki walimpenda kwa hilo, na yeye alijipenda zaidi.

Nyuzi alikuwa akibadilishiwa na fundi wa dukani, mpaka siku alipomwambia mbele ya wateja kwamba gitaa kama lile haliguswi na mikono inayotengeneza redio. Fundi akajibu sawa, kaka, kila la heri. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililouma.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, jioni yake wakiwa na sherehe ya kumuaga muuguzi mkuu anayestaafu, Tetemeko alijifungia chumbani na koleo. Akakata nyuzi zote sita kwa mpigo, apate nafasi ya kufuta vumbi. Springi, zikiwa hazina tena mpinzani, zikalivuta daraja likazama ndani ya mbao kama mgeni mnene kwenye kochi bovu. Akafunga nyuzi mpya. Akautyuni uzi mnene, akaukaza mpaka ukatoa sauti yake vizuri. Alipokaza wa pili, daraja likainuka kidogo na ule wa kwanza ukalegea. Alipofika wa sita, wa kwanza ulikuwa unanguruma kama tumbo la mwenye njaa. Akaanza upya. Akaanza tena. Mkewe, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, akasimama nje ya mlango.

“Baba watoto, huo ni wimbo mpya?”

“Ni mtindo wa kisasa.”

“Haya. Ukizidi kuuma, dawa iko kabatini.”

Akaishika simu ampigie fundi. Akalitafuta jina, akalitazama, kisha akailaza simu kifudifudi kitandani, utadhani fundi angeweza kumwona. Mwishowe alitoka kwa kunyata, akachomoa vibanio viwili vya mbao kwenye kamba ya nguo, akafungua kifuniko cha mgongoni na kulibana daraja, kibanio kila upande. Sasa halikwenda mbele wala nyuma. Nyuzi zikakubali bila ubishi. Ila na mkono nao ukafa: ukiutikisa, unatikisa gitaa zima.

Jioni, ukumbini, ulipofika wimbo wake watu walianza kumwita kwa jina. Hakuwa na pa kukimbilia. Akaushika mkono mfu, akafumba macho, akatikisa mabega, mashavu, magoti. Gitaa lilitoa sauti iliyonyooka kama rula.

Ukumbi mzima ukasimama. Wauguzi wakapanda juu ya viti. Mstaafu mwenyewe akatoa leso, akalia.

Tetemeko akafumbua macho, uso unamwaka. Wangemzomea angejua la kufanya, kuzomewa alishazomewa. Alichojiuliza ni kwamba, miaka yote ile, walikuwa wakishangilia nini hasa. Mezani, mkewe aliitazama sahani yake, midomo ameibana asicheke.

Kiongozi wa bendi, mtu asiyeweza kuona kipaza sauti akakiacha, akamkumbatia mbele ya watu. Akasema mtetemo wa leo haujawahi kutokea, kwamba vijana waje wajifunze, kwamba mstaafu ana bahati ya kustaafu usiku kama huu. Kisha akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

“Mkubwa, hebu waambie hawa. Leo umeufanyia nini huo mkono?”

Uongo ulikuwa tayari ulimini, umevaa na viatu. Tetemeko akamtazama muuguzi mkuu, ambaye bado alikuwa akifuta machozi.

“Haufanyi kazi,” akasema. “Nimetikisa mabega.”